Siku Nilipolitaja Jino la Juu

Vijana wangu wa chumba cha meno, mganga mfawidhi ameniambia niwaandikie. Nikamwambia, mimi darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, nitaandika nini? Akasema, "Andika unavyosema, mzee Hoza. Ila punguza." Kuandika ninavyosema naweza. Kupunguza, tutaona.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nimerudisha koti jeupe, ambalo kwa kweli lilishageuka rangi ya chai ya maziwa, nikarudisha ufunguo wa kabati na ndoo. Ndoo wamenirudishia, wamesema imechakaa, niende nayo nyumbani. Nimeipokea kama zawadi. Habari za vyeo sina. Nilianza mhudumu nikaondoka mhudumu, kwa hiyo hadithi yake imekwisha hapo.

Nilianza nikiwa kijana mwenye nywele. Kazi yangu ilikuwa kuleta kabichi na karoti jikoni hospitalini, na siku moja wakatafuta mfagiaji. Nikafikiri kufagia ndani, mvua ikinyesha nje, ni cheo kikubwa. Kila mfagiaji mzoefu alikuwa amekikimbia chumba cha meno kwa sababu ya makelele, na mimi mgeni sikujua. Nikapewa mimi.

Ndani nilimkuta Tabibu Atupele. Nyinyi siku hizi mko wengi, mnagawana kazi mpaka mnagongana mlangoni, kwa hiyo niwaeleze ilivyokuwa. Daktari mkubwa wa meno, yule aliyesoma miaka mingi, alikuwa Tanga mjini. Kumfikia ni kushuka mlima wote mpaka Mombo, halafu uendelee, na shavu limevimba kama parachichi. Huku juu aliyekuwepo ni tabibu wa meno. Yeye ndiye anayeng'oa, anayeziba, anayesafisha, anayekwenda mashuleni kufundisha, na kiti kikikwama yeye ndiye anayekipiga teke. Watu walimwita daktari naye akachoka kuwasahihisha. Kwao ni Tukuyu, milima na mvua kama kwetu, na baridi ya Lushoto haikumtisha hata kidogo. "Baridi gani hii?" alikuwa akisema. "Siku kama hii kwetu tunaanika nguo."

Siku ya kwanza alinipa kazi moja tu, nimshike mgonjwa kichwa. Mgonjwa alikuwa seremala, mtu wa mabega. Nikakishika kichwa kama nilivyoambiwa. Sindano ya ganzi nikaiona ikiingia. Koleo nikaliona likiingia. Nikasikia mlio, nyinyi mnaujua mlio ule, kama mtu anavunja muwa chumba cha pili. Baada ya hapo niliona dari.

Nilipofungua macho seremala alikuwa amepiga magoti, pamba mdomoni, ananipepea kwa kofia yake.

"Dada, huyu msaidizi wako ana kifafa?"

"Hana," Atupele akasema. "Ana kazi mpya."

Akanifundisha taratibu. Vifaa nilivijua kwa sura, maana majina yake ya kizungu hayakukaa kichwani mwangu. Koleo la magego ya chini ni pembe ya ng'ombe. La mbele ni mdomo wa kunguru. Kuna kijichuma chembamba chenye ncha iliyopinda, hicho nilikiita ukucha wa paka, na yeye mwenyewe akaishia kuniambia, "Hoza, nipe ukucha." Tulichemsha kila kitu kwenye sufuria la mvuke juu ya jiko la mkaa, na kazi ya kukaa na jiko ilikuwa yangu. Mara moja nilitia viazi vyangu pembeni ya jiko hilohilo. Aliviona. Sitaandika alichosema.

Jambo alilopenda kuliko yote halikuwa kung'oa. Watu walidhani tabibu wa meno ni mng'oaji, basi. Yeye alisema kung'oa ni kuzika. "Kazi ni kabla ya msiba," alisema. Alinionyesha ukoga, ule uchafu laini unaotoka kwa mswaki, na ugaga, ambao ni ukoga uliozeeka ukawa jiwe. Jiwe hilo mswaki hauliwezi. Linakwanguliwa kwa ukucha wa paka, jino kwa jino, kwa subira, ufizi unavuja damu na mgonjwa anadhani unamuua. Baada ya wiki anarudi kushukuru, au harudi kabisa, ambayo nayo ni shukrani.

Aliwahi kuja mgeni wa kizungu, mama mmoja mpole. Nikauliza kazi yake, nikaambiwa huko kwao husafisha meno ya watu na kuwafundisha kuyatunza. "Na siku nyingine?" nikauliza. Siku zote, wakasema. Ana kiti chake, ana chumba chake, hang'oi kitu. Nilimwonea huruma, nikasema labda alifeli kung'oa. Atupele alipoacha kucheka aliniambia, "Hiyo unayoionea huruma ndiyo nusu ya kazi unayoifanya, na hata hujui kama ni kazi."

Kweli nilikuwa naifanya. Mashuleni aliniachia mimi kushika mfano. Mfano tulikuwa hatuna, nikaenda kwa muuza nyama nikaomba fuvu la mbuzi, nikalisugua kwa mswaki mkubwa wa kufulia mbele ya darasa la kwanza. Nusu ya darasa walitokea dirishani. Kati ya waliobaki, mtoto mmoja wa kike akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona wewe mbele huna?" Nilikuwa na pengo la meno matatu tangu ujana, kazi ya miwa na uvivu. Nikamwambia, "Haya ni mafunzo pia." Hakuridhika. Nami sikuridhika.

Nimeambiwa nipunguze. Basi niingie kwenye jambo lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Siku moja mchana, wagonjwa wamekwisha, akaingia msichana aliyeolewa karibuni, Zubeda, anatoka vijiji vya juu ya Kwai. Mumewe, Salehe, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, anapanda nyumbani mara mojamoja. Zubeda alikuwa amembeba mtoto kifuani, amemfunika kanga mpaka usoni. Kiswahili alikijua, lakini hofu ilimrudisha kwenye Kishambaa, na Atupele Kishambaa hakijui. Nikawa mkalimani.

"Anasema umtolee hili."

Atupele akafunua kanga, akapitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto. Chini palikuwa laini kama papai. Juu palikuwa na mstari mweupe, jino linataka kuchungulia.

"Jino zima kabisa, linatoka lenyewe," akasema. "Nilitoe la nini?"

Zubeda hakumjibu yeye. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa huku, nikajua. Mtoto akianza kuota meno ya juu, kwetu anaitwa kigego. Enzi za mababu kigego hakulelewa, niishie hapo. Enzi zetu hakuna anayemgusa mtoto, ila kuna minong'ono, na minong'ono nayo ina meno. Mbuzi akifa ni yeye. Mvua ikikosa ni yeye. Mtoto huyu alikuwa amepewa jina la marehemu babu yake, Athumani, na kigego haachiwi jina la babu. Na mama yake mara nyingi hujikuta amerudishwa kwao na mwanawe mgongoni.

"Mama mkwe ameliona?" nikamuuliza.

"Bado. Nikimnyonyesha namfunika. Akicheka namgeuza." Machozi yakaanza. "Lakini siku hizi anacheka sana huyu mtoto."

Nikamtafsiria Atupele. Akasema jino kutangulia juu au chini halina maana yoyote, ni kama mtoto kuanza kutambaa kwa mguu wa kushoto. Zubeda akatikisa kichwa. Akasema kama sisi hatutaki, kuna bwana mmoja bondeni anayachimbua kwa spoku ya baiskeli, anaichoma kwanza kwenye moto.

Hapo Atupele alikaa chini. Aliwahi kuletewa mtoto aliyechimbuliwa hivyo, huko alikofanya kazi mwanzo. Aliletwa amechelewa, damu haikukatika. Alimweleza Zubeda kwa sauti ndogo nami nikatafsiri kwa sauti ndogo zaidi. Zubeda akamfunga mtoto, akasema atafikiri, akaondoka. Hakuahidi kitu.

Atupele siku ile hakula. Jioni tunafunga mlango akasema, "Kesho tunapanda kwao. Tunazungumza na mama mkwe kabla huyu binti hajashuka bondeni. Na atakayezungumza ni wewe. Mila ni yenu."

Jamani, nilivimba. Mfagiaji, leo natumwa kwenda kuwabadilisha wazee. Asubuhi tulipanda gari la maziwa, na njia nzima nilikuwa natunga hotuba katikati ya madebe matupu. Tulipoteremka tukapanda kwa miguu, Atupele na mkoba wake wa vifaa ambao hakuuacha hata akienda sokoni, mimi na hotuba yangu.

Tukafika. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake wa jirani, wanapukuchua maharage kwa mama mkwe wa Zubeda, Mama Salehe. Mwenyewe amekaa katikati, mtoto amemfunga mgongoni. Zubeda alipotuona alisimama na ungo mkononi, akabaki hivyohivyo.

Nikawaamkia, "Onga mshi," wakaitikia. Nikamwamkia mwenye nyumba shikamoo, akaitikia marahaba. Mtu mwenye akili angekaa, angeuliza mahindi, angeuliza ng'ombe, angengoja watu watawanyike. Mimi hotuba ilikuwa imeiva. Nikasimama katikati ya uwanja nikasema kwa sauti ya mnadani, "Mama, tumetoka hospitali kwa ajili ya mjukuu wako. Jino lake la juu limetangulia, lakini kitaalamu..."

Kitaalamu hakuna aliyeisikia. Maharage yalinyamaza. Wanawake wote waliinua vichwa pamoja, wakamtazama mtoto, wakamtazama Zubeda. Ungo ulianguka.

Mama Salehe akanyanyuka polepole. Nikadhani ananijia na mwichi. Kumbe alikuwa anacheka.

"Huyu nani?" akauliza watu. "Huyu si mwana wa Hoza, yule wa kabichi? Hebu njoo, baba. Fungua mdomo."

"Mama..."

"Fungua, nakwambia!"

Nikafungua. Akanishika kidevu kama mbuzi wa mnadani, akanigeuza kwa wenzake.

"Mnaona? Mlango uko wazi. Ameshindwa kuyachunga ya kwake, kaja mlimani kuyahesabu ya mjukuu wangu!"

Uwanja ukaangua kicheko. Akaendelea bila kuniachia kidevu. "Umemwona mtoto wa nani wewe? Si huyu. Huyu hajaota kitu. Angekuwa ameota ningeliona mimi, maana bibi yake ni mimi, si wewe wala huyo mama uliyemleta. Sema, ulimwona wa nani?"

Mdomo wake ulikuwa unacheka. Macho hayakuwa yanacheka hata kidogo. Hapo ndipo jambo nililozaliwa nalo liliponifikia, kama barua ya posta, limechelewa. Kwetu jino la kwanza hutangazwa na bibi mzaa baba. Akiliona ni lazima aseme ni la juu au la chini, na akishasema hakuna wa kulifuta. Na asipoliona, halijatoka. Nikatazama mtoto alipo. Yuko mgongoni. Kila mtu ana mjukuu wa kwanza mapajani, anamchezesha, anamchekesha. Mama Salehe, wake kamfunga mgongoni, mahali pekee ambapo bibi haoni mdomo.

Alikuwa anajua. Alikuwa analikimbia jino lile kwa makusudi mpaka la chini litokee, na mimi nimetoka Lushoto na gari la maziwa kuja kulitangaza.

"Ndiyo, mama," nikasema, kidevu bado mikononi mwake. "Nimechanganya. Ni mtoto mwingine, wa... wa upande wa Mlalo. Wanakuja wengi, na kichwa changu hiki..."

"Kichwa nacho kina pengo," akasema, na sasa walicheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa kanga.

Atupele, ambaye hakuwa amepata hata neno moja, akaninong'oneza, "Wanasemaje?"

"Wanasema mimi ni mjinga."

"Na wewe umewajibuje?"

"Nimekubali. Nawe ukiulizwa, kubali."

Nadhani yangekwisha hapo, lakini kila uwanja una mtu wake. Mwanamke mmoja mwembamba, maharage bado yapo mikononi, hakuwa amecheka vizuri. Akasema, "Sasa kama si mtoto huyu, wametoka Lushoto yote hiyo kufuata nini hapa?"

Kicheko kikapungua. Zubeda akanitazama. Mama Salehe akanitazama. Hotuba nilikuwa sina tena.

"Tumekuja kusafisha meno ya wazee," nikasema. "Bure. Tunaanza na mwenye nyumba."

Nikamgeukia Atupele, nikamwambia kwa Kiswahili, "Tabibu, fungua mkoba. Tumekuja kusafisha meno."

"Ya nani?"

"Ya wote."

Atupele, Mungu ampe maisha, akakunja mikono ya blauzi na kuomba maji ya moto.

Mama Salehe akamfungua mtoto mgongoni, akampitisha kwa nyuma kwenda kwa Zubeda bila kumtazama usoni, akasema, "Kamlaze ndani, jua kali." Jua lenyewe lilikuwa nyuma ya ukungu. Akakaa kwenye kigoda, akafungua mdomo. Ugaga wake ulikuwa wa miaka, umejenga ukuta nyuma ya meno ya chini. Atupele akaanza kukwangua, mimi nimeshika bakuli na kitambaa, nimeinama sikioni kwa Mama Salehe.

Hili ndilo ninalotaka mlijue kuhusu kazi ya kusafisha meno, na hakuna mwalimu atakayewafundisha. Mtu aliyefungua mdomo mbele ya ukucha wa paka hawezi kukubishia. Anasikiliza tu. Nikamweleza polepole kwa Kishambaa, wenzake wakidhani namtuliza maumivu, kwamba Zubeda alikuja kwetu jana. Kwamba anafikiri mama mkwe hajui. Kwamba kuna mtu wa spoku bondeni, na binti huyu yuko karibu kumpelekea mtoto kwa ajili ya kuliokoa jina la Athumani.

Mama Salehe alinishika kifundo cha mkono na kukibana mpaka bakuli likatikisika. Atupele akadhani amemkwaruza ufizi, akasema pole.

Alipoinama kutema, akasema chini kwa chini, mate na damu mdomoni, "Tangu mwezi uandame nambeba mgongoni. Mgongo umekwisha. Na yule naye ananificha? Sote wawili tunafichana jino moja?" Akatema tena. "Hakuna mwenye spoku atakayemgusa mtoto wa nyumba hii. Ingia ndani umwambie. Kisha mwambie aache kulia, watu wana masikio."

Nikaingia kuomba maji zaidi. Zubeda alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani, anamziba mdomo kwa kiganja kwa sababu alikuwa anacheka. Nikamwambia maneno ya mama mkwe kama yalivyo. Alitoa kiganja.

Tulisafisha meno mpaka gari la maziwa la jioni likatuacha. Yule mwembamba alikuwa wa pili kwenye foleni, na nakiri alikwanguliwa kwa nguvu kuliko wengine. Tukashuka kwa miguu, Atupele vidole vimekufa ganzi bila sindano. Njiani nikamweleza yote. Kona mbili mbele akasema, "Mwezi ujao turudi. Safari hii kwa kweli." Ndiyo maana, vijana, kuna safari ya kusafisha meno vijijini. Kwenye ripoti waliandika kwamba ni mpango. Mpango ulikuwa mimi na mdomo wangu.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja barazani, wagonjwa wamejaa benchi zote, nikasikia sauti ninayoijua. Mama Salehe amekaa katikati yao, mtoto mapajani, uso kwa uso.

"Nimemleta mjukuu wangu Athumani aangaliwe," akatangaza, na nadhani hata wodi ya wazazi walisikia. "Ya chini yametoka. Ya juu yamefuata."

Atupele akachungulia. Juu mawili, tena marefu. Chini moja, ncha tu, la jana au la usiku ule.

"Mazuri sana, mama," akasema.

Mama Salehe akanigeukia mimi. "Na wewe umesikia? Ya chini kwanza."

"Nimesikia, mama. Ya chini kwanza."

"Usije ukachanganya tena."

Sikuchanganya tena. Lakini huko juu sikupona. Mpaka leo nikipanda, wazee wananiambia nifungue mdomo kabla hawajaitikia salamu, na akina mama huwachekesha watoto kwa kunionyesha kidole. Athumani sasa ni mtu mzima, analima hoho, kila wiki anashuka na mzigo. Tukikutana ananipa shikamoo kwa adabu, halafu anashindwa, anacheka, kwa sababu amelelewa akiambiwa mimi ndiye mzee aliyewahi kupotea nyumba. Hajui zaidi ya hapo, na bibi yake alikufa bila kumwambia. Mimi naitikia marahaba, nasimama nangoja amalize kucheka. Anacheka mdomo wazi, yote nje, juu na chini, na hakuna anayemgeuza.